Sahani Iliyorudi Tupu

Hadija mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu hatakuachia kabla ya magharibi, kwa hiyo nina nafasi. Begi lako liko hapa mlangoni. Nimelifunga kamba juu ya zipu, maana zipu ile siiamini. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kusalimia wakubwa sitaziandika. Umezisikia mpaka umezichoka, na tangu mama yako atutoke wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuwasha jiko. Nakuandikia jambo moja tu, nalo silielewi vizuri. Kwa mdomo nimejaribu mara mbili wiki hii, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umekula.

Keshokutwa utakaa kwenye meza kule upande wa Kabezi, katika kituo cha afya, na kazi yako itakuwa kupokea wasio na uwezo. Wewe ndiye utakayeuliza: una karte ya matibabu? Una karatasi ya komine? Siku barua yako ya kazi ilipofika nilipiga kelele hadi majirani wakatoka kuuliza nani amekufa. Kisha nikarudi kwenye benchi langu, nikashika mnyororo wa baiskeli ya watu, nikashindwa kuufunga. Nilikuwa naogopa. Meza ya namna hiyo, Hadija, baba yako aliwahi kuikalia, na aliikalia vibaya.

Unakumbuka nilipoingia kwenye kamati ya kartiye, ya mtaa wetu huu. Ulinicheka sana: “Baba amekuwa mheshimiwa, na grisi yake kwenye kucha.” Walinichagua kwa sababu ya mwandiko. Fundi baiskeli anayeandika herufi zilizonyooka alikuwa mmoja tu hapa kwetu Rumonge, na mimi, bila aibu, nilijiona nimetambuliwa. Kazi ilikuwa kuandika listi ya wasiojiweza ili wapewe karte za kutibiwa. Tulivyoelezwa, sheria ilikuwa nyepesi kabisa. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, mama anayejifungua hatozwi, na maskini wengine wathibitishwe na majirani zao. Nilitoka kwenye mkutano ule nikijisemea, kumbe serikali ni kitu rahisi.

Urahisi ule haukumaliza wiki. Shefu wa kartiye alisema listi ipitie kwake kwanza. Watu wa zone, walio juu ya kartiye, wakasema ipitie kwao. Kwenye komine, juu zaidi, wakasema fomu tuliyotumia ni ya zamani, lakini mpya hawana, tuendelee na ya zamani. Halafu akaja bwana mmoja, mmoja wa wale wanaoanza kutusalimia kura zikikaribia, akataka kuiona kabla ya wote.

“Mzee, weka kwanza watu betu,” akaniambia.

“Watu wetu ni nani?”

“Eh, mzee! Unabajua.”

Wallahi nilikuwa siwajui. Nilikaa nikiwaza mtaa mzima, nani wetu na nani si wetu, mpaka kahawa ikapoa. Nikamwambia nitaandika maskini kwa kufuata nyumba. Akacheka kama mtu aliyeambiwa na mtoto kwamba mwezi unamfuata.

Kulikuwa na sharti moja lililonigusa kuliko yote. Listi ilikuwa isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, siku ya Jumamosi baada ya kazi za jumuiya, watu wakiwa bado wameshika majembe na mafagio. Nia ilikuwa nzuri, sisemi. Jina likisomwa hadharani, tajiri hawezi kujichomeka. Lakini wewe umelelewa hapa, unawajua watu wa hapa. Hapa mtu anaweza kushinda na njaa, na ukimkuta mlangoni akakwambia ameshiba, akachokoa na meno. Kumsimamisha mtu kama huyo mbele ya mtaa na kumwita maskini kwa jina lake na la baba yake ni kumvua nguo.

Sasa nifike kwa Mama Sauda. Nazunguka, najua.

Wewe huna haja ya kuelezwa Mama Sauda ni nani, lakini acha niandike, kwa sababu nikiandika naona vizuri. Ukuta mmoja na sisi. Mume wake alivuka ziwa kwenda kununua bidhaa Kongo, akaona kule ni kuzuri, akabaki huko na mwanamke mwingine. Sauda wake ameolewa Uvira. Alibaki peke yake na sindano yake, akidarizi kofia ambazo hata masheikh wa Bujumbura walikuwa wakiagiza. Mama yako alipofariki, yeye ndiye aliyekusuka nywele kila Ijumaa, na gauni ulilovaa siku ya kuhitimu Kurani alilishona yeye, akakataa hata asante yangu.

Yeye na mama yako walikuwa na mchezo wao wa sahani. Mama yako akipika kitu kizuri, sahani inakwenda ng'ambo ya ukuta. Baada ya siku mbili inarudi, na hairudi tupu. Mara maandazi, mara ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga, mara kipande cha papai. Siku moja tulikuwa katika hali ngumu sana, baiskeli hazikuja, na sahani ya Mama Sauda ilikuwa kwetu. Nikamwambia mama yako airudishe tu, mtu akiwa hana ataeleweka. Mama yako akanitazama kana kwamba nimetukana. Akafunga chumvi kidogo kwenye karatasi, akaiweka katikati ya sahani, akaipeleka. “Hata chumvi, Baba Hadija,” akaniambia. “Tupu hairudi.” Nikacheka. Nilidhani ni adabu za wanawake, kama kutonyoosha miguu mbele ya wakwe.

Ramadhani ile ya listi, ulipika wali na samaki wa mukeke, ukaniambia nimpelekee. Nikampelekea kwenye ile sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Zikapita siku nne. Siku ya tano, alasiri, wewe ukiwa masomoni, Mama Sauda akaja nayo mwenyewe.

“Amahoro, Baba Hadija.”

“Amahoro, Mama Sauda. Karibu.”

“Apana, siingie. Nilikuwa naleta sahani yenu.” Akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa imeoshwa inang'aa, na haikuwa na kitu ndani. “Iko vile vile tu. Musinikasirikie.”

“Hakuna shida,” nikasema.

Hakuondoka. Alisimama ameshika mwimo wa mlango, amenyanyua kidogo mguu wa kushoto kama mtu aliyekanyaga kijiwe. Nikadhani anakutafuta wewe.

“Hadija iko ku masomo,” nikamwambia.

“Ndiyo, najua.” Kisha akauliza, akiitazama ile sahani mikononi mwangu, “Ile listi munaandikaka, imeisha?”

“Bado.”

“Haya. Murakoze.”

Akaishia na asante hiyo, akaenda zake. Na mimi, Hadija, nikakasirika. Nilikuwa nimefunga, kiu imenishika, na nikaona nimedharauliwa. Mke wangu amekufa, nikajisemea, basi na heshima ya nyumba yangu imekufa. Wali wa mwanangu umeliwa na sahani inarudi tupu. Usiku ule baada ya futari nikawasimulia wenzangu kwenye kahawa, nikasema fadhila za punda ni mateke. Watu wakacheka. Nilicheka mimi kuliko wote.

Siku chache baadaye nilikaa na listi kwenye benchi. Nikafika kwenye nyumba yake. Kalamu nikainyanyua. Shefu wa kartiye alikuwa karibu, nikamuuliza, “Na Mama Sauda?”

“Mama Sauda iko na kofia zake anauzisha,” akasema. “Maskini gani anavaa kitenge safi vile?”

Nikaruka nyumba ile, nikaandika inayofuata.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na nimechanganyikiwa hapa kwa miaka sasa. Nilimruka kwa sababu gani? Nikijiuliza mchana, nasema nilimsitiri. Sikutaka jina lake lipigwe kelele mbele ya watu wenye majembe. Nikijiuliza nikiwa peke yangu, naiona ile sahani. Huenda nilimruka kwa hasira. Huenda ni yote mawili, heshima ikaenda mbele na hasira ikajificha nyuma yake. Nimejaribu kuvitenganisha, nimeshindwa. Wewe umesoma, labda shuleni walikufundisha namna ya kuvitenganisha.

Jumamosi ilipofika, listi ikasomwa. Baadhi ya waliosomwa sikuwa nimewaandika mimi. Yalikuwa majina yaliyoongezwa njiani kwa kalamu nyingine, na mmoja wao ana nyumba ya matofali ya kuchoma. Sikusema neno. Mzee mmoja aliposikia jina lake alijifunika uso kwa kofia. Mama Sauda alikaa na wanawake, macho chini, tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Listi ilipokwisha akainuka, akajipangusa vumbi, akaondoka taratibu. Na unajua mimi nilihisi nini? Nilijisifu. Nikasema, angalau yule nimemhifadhia uso wake.

Yaliyofuata unayajua. Unajua ile harufu uliyoisikia ng'ambo ya ukuta ukadhani ni panya. Unajua tulivyomkuta, na kidonda kilichokuwa chini ya kile kitenge safi. Nilimpakia kwenye baiskeli ya mteja, wewe ukimshika mgongoni, tukamsukuma hadi hospitali. Pale mezani palikuwa na msichana mpole tu, wa umri wako. Akauliza, “Mama iko na karte?” Hana. “Atestasiyo, ile karatasi ya komine?” Hana. Akatuelekeza. Nikaenda kwa shefu, shefu yuko mazishini Gatete. Nikaenda zone, mwenye muhuri yuko kwenye semina. Komine wakaniuliza kama mgonjwa yuko kwenye listi. Nikasema hayupo. “Nani aliandika listi?” Nikasema ni mimi. Karani aliniangalia akafikiri namfanyia mzaha.

Siwalaumu wa hospitali, walimpokea na wakamsafisha. Lakini daktari alitueleza wazi: angekuja wakati kidonda kikiwa sawa na ukucha, mguu ungebaki. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeula tayari. Wakaukata chini ya goti. Karte aliipata baada ya hapo, ikiwa na picha na muhuri, na jina lake limeandikwa vizuri kabisa.

Wewe ulisimama kwenye korido ile ukilia kwa hasira. “Mbona hakusema?” ukaniuliza. “Miezi yote hiyo, ukuta mmoja na sisi, mbona hakusema? Mficha uchi hazai, Baba!” Nikakujibu, “Wazee wako hivyo.” Na umeendelea kulisema neno hilo. Juzi tu, ulipokuwa unamweleza rafiki yako kazi utakayokwenda kufanya, nilikusikia: shida ya watu wetu ni kwamba hawasemi.

Alisema, mwanangu. Alikuja mlangoni petu akasema, na mtu aliyemsikia ni mimi.

Nililijua hilo siku alipolazwa, uliponituma nyumbani kwake nikamchukulie kikombe na khanga. Niliingia jikoni mwake. Jiko lilikuwa la baridi, la baridi ya siku nyingi. Kwenye rafu palikuwa na kopo la chumvi. Lilikuwa limeoshwa, limegeuzwa mdomo chini. Nilisimama pale na kikombe mkononi, na sauti ya mama yako ikanijia kana kwamba yuko nyuma yangu: hata chumvi, Baba Hadija. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kurudisha sahani tupu, alikuja na sahani tupu kwa mwandishi wa listi, akasimama mlangoni na mguu unamuuma, akauliza kama listi imekwisha. Angesema nini zaidi? Mama yako angemwelewa kabla hajafika mlangoni. Mimi nilimwambia Hadija iko ku masomo.

Nilikaa chini jikoni mwake nikalia kama mtoto. Nakwambia hivi kwa sababu ulishangaa siku ile mbona nimechelewa na kikombe.

Nimewahi kujaribu kumwomba msamaha. Mara moja, tukiwa tunamtoa hospitalini. Nikaanza, “Mama Sauda, ile sahani…” Akanikatiza kwa upole, “Mambo ya Mungu, Baba Hadija,” kisha akaniuliza kama mvua imefika Kizuka. Tangu hapo ananisalimia vizuri kila siku akiwa kwenye mkeka wake na kofia zake, na heshima ile inanichoma kuliko matusi. Sijampelekea sahani tena. Ningeipelekaje? Angeirudisha na nini?

Utaniuliza basi ningefanya nini. Ningemwandika, jina lake lingesomwa, na mimi namjua: angefunga virago aende Uvira kukaa kwa mkwe. Ningempitisha kimyakimya mlango wa nyuma, ningekuwa sawa na wale walioongeza majina kwa kalamu nyingine, tofauti ni kwamba mimi nampenda niliyemwongeza, na labda wao pia waliwapenda wa kwao. Nilimuuliza shefu, akasema sheria iko wazi. Ni kweli iko wazi. Nimeisoma mara nyingi kwa macho yangu mawili, na sijaona mahali ilipoandikwa mtu asiyeweza kusema afanye nini. Na sasa, tangu mikoa ipunguzwe na Rumonge isiwe tena makao ya mkoa, watu wanakuja na karatasi zao kwenye benchi langu kuniuliza zisainiwe wapi, kwa kuwa wananikumbuka kwa mwandiko. Nawaelekeza ninakodhani ndiko. Wengine wanarudi kesho yake kunitukana, wana haki.

Mtu mmoja tu aliyewahi kuifanyia mzaha sheria ile ni Mama Sauda mwenyewe. Wewe ulikuwa unamweleza pale wodini nani hatozwi, watoto wadogo na wanaojifungua. Akafikiri kidogo, akasema, “Basi mimi ningoje nizaliwe tena.” Mlicheka nyote wawili. Mimi nikatoka nje.

Kwa hiyo usinitegemee kwa fundisho. Ningekwambia mtu akisimama mbele ya meza yako muda mrefu kuliko shida aliyoitaja, muulize swali lingine, hata la kipuuzi, hata kama mvua imefika kwao. Lakini najua utakuwa na foleni hadi mlangoni, na mkubwa wako atataka fomu zijazwe, na wa Kabezi huenda wana namna zao za kusema ambazo si sahani. Utakosea. Inaniuma kukuandikia hivyo, ila utakosea, na nakupenda nikijua hivyo. Ninachoomba ni kwamba usikae kwenye meza ile ukiamini kwamba watu hawasemi, kwa sababu imani hiyo umeipata kwenye uongo wangu.

Ile sahani yenye ukingo wa buluu ulikuwa ukiniuliza kwa nini sitaki uipakulie chakula. Leo nimeishusha. Wakati unaaga kwa shangazi yako nimepika wali na mukeke mwenyewe. Wali umeshika chini, na mawese nimezidisha, utacheka. Nimeufunika na kawa la mama yako. Kesho asubuhi kabla gari halijaja nitaupeleka kwa Mama Sauda, kwa mkono wangu, na safari hii sitaanza na habari ya mvua. Nitamwambia nilimsikia siku ile, na kwamba nilimruka. Wewe njoo nyuma yangu umuage, lakini usinisaidie kusema.

Sijui atanijibu nini. Huenda akanyamaza, huenda akanifukuza, ana fimbo sasa. Wewe utakuwa umeshaondoka, kwa hiyo nitakupigia simu siku sahani itakaporudi. Ikirudi na kitu, nitakwambia ni kitu gani. Ikirudi tupu, nitavaa viatu nimfuate nikamuulize anahitaji nini.

Baba yako